Nani Kakuandikia?

Québec, mtu anayeuza kazi ya kuandika kwa jina lake kamili, la kwanza na la familia, bila kuongeza neno lingine lolote, halazimiki kujisajili. Akiongeza neno moja tu, liwe "kalamu", liwe "huduma", mambo yanabadilika: ana siku 60 tangu aanze kazi kujiandikisha kwa Registraire des entreprises, anapewa namba ya tarakimu kumi iitwayo NEQ, na kila mwaka anatakiwa kuhakikisha kwamba habari zake katika rejista bado ni za kweli. Naipenda kanuni hii. Anayefanya kazi kwa jina alilopewa na wazazi wake anaonekana hana la kuficha, na anayejiita vingine anatakiwa aseme mbele za watu yeye ni nani.

Ila kanuni hiyo imetungwa na watu wenye majina ya familia. Kwetu Gatete, na Rumonge nzima, na Burundi kwa jumla, baba ana jina lake, mama lake, na kila mtoto lake. Mimi na kaka yangu hatuna hata silabi moja inayotufunga pamoja kwenye vitambulisho. Wazazi humpa mtoto jina linalosema walichokuwa nacho moyoni siku ile: shukrani, hofu, neno kwa jirani, neno kwa Mungu. Ndiyo maana majina yenye Imana, yaani Mungu, ndani yake ni mengi kiasi hiki, Ndikumana, Nshimirimana, Hakizimana, Bigirimana. Liite mojawapo katikati ya soko la Rumonge uone watakavyogeuka. Waislamu wengi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hufuata njia nyingine, jina la mtoto na la baba, lakini nako jina la pili hubadilika kila kizazi. Kwa hiyo zile kampuni za "fulani na wanawe", ambazo Ulaya na Amerika zimeweza kudumu karne nzima kwa jina moja mlangoni, kwetu hazikupata pa kuota. Jina la mtu linakwisha na mtu. Kuna jambo moja tunalofanana na watu wa Québec: huku tangu 1981 mwanamke aliyeolewa anabaki na jina lake la kuzaliwa mbele ya sheria, kama sisi. Karani wa huku aliyenihudumia hakushangaa kuona jina langu halifanani na la mume wangu. Alichoshangaa ni kwamba halifanani na la baba yangu.

Hapa Montréal naandika kwa kulipwa: barua, wasifu wa kuombea kazi, tafsiri, maelezo ya tovuti za wafanyabiashara wadogo wa Kiafrika. Swali la jina nimelipa uzito kwa sababu kazi hii naijua tangu utotoni katika sura yake ya kwetu, na sura ile haikuwa na jina kabisa.

Mtu akitaka kuandikiwa Rumonge anakwenda sekretaria. Kibao kimechorwa kwa mkono, Secrétariat public, na chini yake orodha ya kazi: kupiga chapa, fotokopi, kuchapisha, kutia vitambulisho plastiki. Sekretaria hukaa karibu na ofisi ya komine, ngazi ya serikali iliyo chini ya mkoa, karibu na soko, karibu na mahali popote penye foleni ya watu wenye karatasi. Zamani palikuwa na meza, mashine ya kuandikia na karatasi za kaboni. Sasa kuna kompyuta na printa, na wasiwasi wa umeme. Vibao vyote vinasema maneno yale yale, kwa hiyo hakuna anayevitegemea kutofautisha kibanda na kibanda. Watu husema nenda kwa Mwalimu. Nenda kwa yule mzee wa mashine. Nenda kwa Mama fulani, mkabala na msikiti. Jina wamelitoa wateja, na wamelitoa baada ya kuiona kazi.

Kwenye mwambao wetu kazi hii haijawahi kuwa ndogo. Mwaka 1972 Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuingia katika umwagaji damu, na watu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Wengi walizeeka huko katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliporudi baada ya vita ya miaka ya 1990 kutulia, walikuta michikichi yao ina wenyewe wengine, na baadhi ya hao wenyewe walikuwa na karatasi za serikali mkononi. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa 2006 kwa kufuata mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000, na Rumonge ikawa moja ya sehemu zenye kesi nzito kuliko zote. Sasa fikiria kijana aliyesoma Mishamo, Kiswahili chake safi, Kifaransa hana, na anatakiwa kudai shamba la babu yake mbele ya ofisi zinazoandika Kifaransa na Kirundi. Aliyemwandikia ndiye aliyemwezesha kusema. Na jirani anayedaiwa naye alihitaji wa kumwandikia, pengine kwenye sekretaria ile ile, kwa mtu yule yule.

Hapo jina lilikuwa na kazi kubwa. Nimekua nikisikia swali hili likirudiwa na wakubwa wa ofisi, na wazee wa kusuluhisha kesi, na hata majirani waliosomewa barua uani: nani kakuandikia? Jibu ndilo lililoipima barua nzima. Palikuwa na waandishi ambao wakitajwa watu waliketi vizuri wasikilize, na palikuwa na wengine ambao wakitajwa barua ilisogezwa kando, maana walijulikana kwa maneno makali yasiyo na ushahidi. Mteja naye alikuwa na swali lake kabla ya kuvuta kiti: huyu anatunza siri? Ukishamweleza mtu mpaka wa shamba lako ulipo, deni lako, na ugomvi wako na ndugu wa baba mmoja, umemkabidhi nyumba yako yote.

Montréal swali la kwanza ni lingine: jina liko wazi? Wanaofundisha wajasiriamali wadogo husisitiza liwe fupi, litamkike kwenye simu, lisikaribiane na la mwingine, na anwani yake ya intaneti iwe haijachukuliwa. Ushauri huo una maana, na ningefurahi vijana wa nyumbani waupate. Kitu ambacho wengi hawakielewi ni kwamba rejista haikupi umiliki wa jina. Inaonyesha tu kwamba unalitumia. Akijitokeza mwenye jina linalofanana na lako na madai ya kulitangulia, ni juu yako kujibu. Ulinzi wa kweli ni alama ya biashara, inayosajiliwa serikali kuu ya Kanada, na tangu 2019 usajili huo hudumu miaka 10 kisha huhuishwa. Kwa anayeandika peke yake mezani kwake, gharama hiyo mara nyingi haina sababu.

Ndipo watu wanapokimbilia majina ya vifaa. Plume, Encre, Virgule, Mots: kalamu, wino, mkato, maneno. Mengine ni matamu sikioni na sina ugomvi na walioyachagua, lakini kalamu kila mwandishi anayo. Jina hilo linamwambia mteja jambo ambalo alikwisha kulijua alipoanza kukutafuta.

Kisha kuna lugha. Charte de la langue française ya 1977, ambayo watu huiita Sheria 101, inataka jina la biashara liwe la Kifaransa. Wahamiaji husikia hivyo, wakayaacha maneno ya kwao nyumbani. Hawakufika mwisho wa sheria. Inaligawa jina sehemu mbili: ile inayotaja kazi, ambayo lazima iwe ya Kifaransa, na ile inayokutofautisha na wengine, ambayo inaweza kuwa jina la familia, jina la mahali, neno la kubuni, au neno lililotolewa katika lugha nyingine. Marekebisho ya 2022, Sheria 96, yamekaza masharti ya vibao ili Kifaransa kitawale waziwazi, lakini mlango ule haukufungwa. Tanganyika inaruhusiwa. Mukeke, samaki wa ziwa letu, inaruhusiwa. Gatete inaruhusiwa, mradi iambatane na neno la Kifaransa linaloeleza unafanya nini. Cha kuchunga ni vyeo: traducteur agréé ni cheo cha wanachama wa OTTIAQ, chama cha kisheria cha watafsiri, na huwezi kukibandika kwenye jina lako kwa sababu tu unajua lugha nne. Wenzetu wengi kutoka Bujumbura na Bukavu wanazijua lugha nne, na hapa ndipo wanapojikwaa.

Mimi nilitaka mahali. Rumonge lilikuwa la kwanza kunijia, lakini mtu wa Montréal akilisoma, ile "u" inabanwa midomoni na "e" ya mwisho inamezwa, na mwenyeji wa Rumonge hawezi tena kulitambua. Tanganyika linatamkika na kila mtu, ila limekwisha kuchukuliwa na wafanyabiashara wa nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Gatete hupungukiwa na sauti yake ya mwisho likifika huku, lakini halipotei.

Halafu nikafanya jambo ambalo kwa mtu wa Maziwa Makuu naliona ni la lazima: nikauliza jina hili limebebwa na nani. Kwetu Gatete ni zoni ya komine Rumonge. Nchini Rwanda ni jina la mtu. Amelibeba Claver Gatete, aliyekuwa waziri wa fedha wa Rwanda na ambaye tangu 2023 anaongoza Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika. Amelibeba pia Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa bugumesta, yaani mkuu wa komine, wa Murambi, ambaye mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011. Mwaka 2012 rufaa ikaamua kifungo cha miaka 40. Mteja wangu Mnyarwanda aliyepoteza watu mwaka 1994 anaweza kuliona neno hilo juu ya ankara na moyo ukashtuka kabla hajasoma mstari wa pili. Nililifikiria kwa uzito. Sikuliacha jina, kwa sababu zoni yetu haina hatia yoyote katika hayo, lakini nililiweka pamoja na Imbo, ile nyanda ya chini inayofuata ziwa, ili msomaji aone mara moja kwamba ni mahali. Nawasihi wenzangu wa ughaibuni wanaochagua majina ya kwetu wafanye uchunguzi huo kabla ya kulipa hata senti moja ya usajili. Rafiki Mzungu atakayekusifia jina zuri hajui lilikopita. Wewe unapaswa kujua.

Waliofanya kazi ya maneno nyumbani wametuachia mifano ya kuheshimiwa. Studio Ijambo, ya vipindi vya redio, ilianza 1995, vita ikiendelea. Redio Isanganiro ilianza 2002. Kuna gazeti la Iwacu, kuna wanablogu wa Yaga, kuna jarida la Jimbere. Yote ni majina ya Kirundi, mafupi, na hakuna lililobeba jina la mwanzilishi. Katika nchi ambayo mtu aliweza kupangwa upande fulani kabla hajafungua mdomo, naamini waliochagua hivyo walijua wanachofanya. Hata Dar es Salaam ya wakoloni, mwaka 1937, Erica Fiah, Mganda mwenye duka, alilipa gazeti lake la Kiswahili jina la Kwetu, wala hakujitaja. Lakini redio na gazeti ni watu wengi, na wengi wanaweza kusimama nyuma ya neno moja. Anayeandika barua yako ya kudai shamba ni mtu mmoja, na anayo sura.

Mtoto wa kaka yangu amemaliza masomo na anataka kufungua sekretaria Gatete, na wakati huo huo awaandikie wateja wa mtandaoni. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Shangazi, jina nimepata, naomba unibariki." Lilikuwa la Kiingereza, refu, aina ile inayopendwa sasa mijini, inayoahidi huduma za dunia nzima. Nilimuuliza ataliandika wapi. Kwenye kibao, akasema, njiani kwenda sokoni. Na watu watakuja kwa jina hilo?

"Hapana, shangazi. Watasema tu, nenda kwa yule kijana wa Mzee."

Nilimwambia hilo ndilo jina ambalo tayari analo, na kwamba baba yake alilitafuta kwa miaka mingi ya kuishi vizuri na watu. Hakukubali haraka, na ana haki. Alinikumbusha kwamba mteja wa Nairobi au Toronto anayetaka makala hamjui Mzee wala Gatete, na malipo ya mteja huyo mmoja yanaweza kupita ya wiki nzima ya fotokopi. Tuliongea hadi salio lake likaisha. Tulichokubaliana ni hiki: jina liseme kile ambacho mteja hana. Mteja wa Gatete anajua yuko Gatete, anajua kuwa ndani kuna kompyuta. Asichokijua ni nani atakayejibu barua ikileta balaa. Kwake kibao kitaje mtu, kwa jina analoitwa na watu, na kazi itajwe kwa Kirundi na Kiswahili, si Kifaransa pekee. Mteja wa Toronto anaona orodha ya waandishi wasio na idadi; asichokijua ni huyu anatoka wapi na anajua nini ambacho wengine hawajui. Kwake mahali panasema zaidi kuliko ahadi ya dunia nzima. Anayeandika kuhusu uvuvi wa ndagala au mawese akiwa Rumonge ana kitu ambacho mwandishi wa Toronto hana, na akijificha nyuma ya jina la Kiingereza anakitupa. Majina mawili yanawezekana. Hata rejista ya Québec ina sehemu ya kuorodhesha majina mengine ambayo mtu huyo huyo anatumia.

Uingereza wamekwenda mbele zaidi kwa upande ninaoupenda: anayefanya biashara peke yake kwa jina la kubuni lazima aweke jina lake mwenyewe kwenye ankara na barua za biashara. Ni swali la wazee wa Rumonge, limeandikwa kuwa sheria. Tanzania, ambako nusu ya ndugu zetu wana watu, wakala wa usajili wa biashara, BRELA, nayo husajili majina ya biashara, siku hizi kwa mtandao, kwa hiyo binamu aliyeko Kigoma anaweza kumaliza shughuli yake bila kupanda gari kwenda Dar es Salaam.

Nyumbani ndiko kunakoniumiza. Mzee wa mashine akifariki, mashine inauzwa, na ile imani ya watu aliyoijenga inazikwa naye. Mwanawe ana jina lingine kabisa. Akikaa kwenye meza ile ile anaanza upya kama mgeni. Usajili ungeweza kusaidia hapo, kwa sababu jina la biashara linaweza kupita kutoka mkono hadi mkono hata kama jina la mtu haliwezi. Burundi ilifungua guichet unique, dirisha moja la kuandikisha biashara, mwaka 2012, na leo kazi hiyo iko chini ya Agence de Développement du Burundi. Namba ya kodi, NIF, inatolewa na mamlaka ya mapato, OBR. Lakini mwenye meza moja na printa ya mkopo hayaoni hayo kuwa yanamhusu. Bujumbura ni mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa barabara ya RN3, nauli na siku nzima, na anarudi na karatasi ambayo hakuna mteja atakayeiuliza.

Na akichagua mahali, achague padogo. Mtu aliyejiita kwa jina la mkoa wakati Gatete ikiwa Bururi alijikuta mwaka 2015 yuko mkoa mpya wa Rumonge. Aliyeandika "mkoa wa Rumonge" kwenye kibao mwaka ule amejikuta tangu 2025 yuko Burunga, baada ya mikoa 18 kufanywa mitano na komine 119 kufanywa 42. Kubadilisha jina kila mara ni gharama: rangi ya kibao si bure, wala mihuri. Katika mabadiliko yote hayo Gatete imebaki Gatete.

Ninachoomba kwa wakubwa wa Rumonge hakihitaji fedha za wafadhili. Ofisi ya komine, ambayo sekretaria zote zinaizunguka na barua zote zinaishia kwake, iweke daftari la wanaoandikia watu. Jina la anayeandika, jina ambalo watu humwita, mahali meza ilipo, na mwaka alioanza. Na kila mstari uachiwe nafasi pembeni ya kumwandika atakayempokea, awe mwanawe au mwanafunzi wake, bila kujali kwamba majina yao hayafanani.